Kati ya Kukamua Asubuhi na Kukamua Jioni

Mwaka ule tulipanga safari ya kwenda kuona vyuo Jumapili baada ya Jumapili, na kila Jumapili safari ilizidi kuwa fupi.

Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mwanangu Arlen huketi mezani mchana. Tukitoka kanisani tunakula, vyombo vinaoshwa, kisha kunabaki nafasi ndogo ya kupumzika mpaka ng'ombe waanze kulia mlangoni pa banda. Watu wengine huitumia nafasi hiyo kulala. Sisi tulitandika ramani. Mke wa Arlen, LaVonne, aliibana pembe zake kwa kichupa cha chumvi, bakuli la sukari, kopo la vidonge vyangu vya presha na kiwiko chake mwenyewe, maana ramani ile ilikunjwa vibaya tangu enzi za marehemu mume wangu na ilikuwa haikubali kulala.

Mjukuu wangu Marit alikuwa anamaliza shule ya sekondari, na vyuo viwili vilikuwa vimemkubali. Kimoja ni cha hapa kwetu Wisconsin, mji wa pili tu kutoka hapa. Ukienda asubuhi baada ya kukamua unarudi kabla ya kukamua jioni, na ukichelewa ni kwa sababu ulisimama njiani kununua misumari. Cha pili kiko kaskazini, juu kabisa Michigan, kando ya lile ziwa kubwa, ambako theluji ya mwezi wa tatu bado inafika madirishani. Huko wanafundisha kujenga madaraja. Marit anayapenda madaraja tangu utotoni. Alikuwa akilala kifudifudi juu ya daraja la mbao la kijito chetu, kichwa kimening'inia, akichungulia jinsi boriti zilivyoshikana, nami namwita aje aokote mayai na yeye hasikii. Vyuo vilitaka jibu kabla mwezi wa tano haujaanza.

Sasa, kwetu mtoto hachagui chuo kwa kusoma karatasi. Mnaingia garini nyote, mnakwenda, mnatembezwa na kijana anayekwenda kinyumenyume huku akisema hii ni maktaba, ile ni maabara. Mnakula chakula cha wanafunzi. Baba anatingisha mlango wa bweni aone kama bawaba ni imara. Mnarudi mmechoka, na mtoto anajua moyoni. Majirani zetu karibu wote walifanya hivyo kwa watoto wao. Ila majirani wengi wanalima mahindi, na mahindi hayakamuliwi.

"Tukitoka asubuhi baada ya kukamua," alisema LaVonne, kidole kikipanda ramani polepole, "tunafika jioni. Tunalala. Kesho yake tunakiona chuo mchana kutwa, tunalala tena, halafu tunarudi."

"Nani anakamua?" aliuliza Arlen.

"Hapo ndipo ninapoelekea."

"Hapo ndipo pa kuanzia, si pa kuelekea."

LaVonne aliondoa kidole kwenye ramani. Alikuwa anaendesha basi la shule asubuhi na mchana, na jioni yuko bandani na buti. Siku hizo nilikuwa namwona akisimama mbele ya jokofu lililo wazi, hatoi kitu wala haweki kitu, amesimama tu.

"Kuna Verlyn," nilisema mimi.

"Mama."

"Nimesema jina tu. Jina la mtu si tusi."

Verlyn ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Zamani yeye na Arlen walikuwa wakikamuliana. Huyu akizika mtu wake, yule anakamua. Huyu akiozesha binti, yule anakamua. Kisha mwaka ambao Arlen na LaVonne walikwenda kwenye harusi huko Minnesota, Verlyn alimkamua ng'ombe aliyekuwa kwenye dawa, na maziwa yake yakapita kwenye bomba mpaka kwenye tangi. Ng'ombe mwenye dawa hufungwa ukanda mwekundu mguuni ili kila mtu aone, na maziwa yake hukingwa kwenye ndoo ya pembeni, yanamwagwa. Yakiingia tangini, hata kidogo, tangi zima ni la kumwaga. Verlyn alisema ukanda ulikuwa umefunikwa na matope. Arlen hakupiga kelele, sisi si watu wa kelele. Alimwambia, "Basi, Verlyn, nadhani sitakusumbua tena." Tangu siku ile Arlen hajalala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja. Wakipishana barabarani, Verlyn huinua kidole kimoja kwenye usukani, kama tunavyosalimiana huku. Kidole cha Arlen hubaki kimelala.

Jumapili iliyofuata LaVonne alileta jina la kijana fulani wa mjini anayekamulia watu kwa malipo. Arlen akasema kijana huyo huvaa kofia kinyume.

"Kofia ndiyo inayokamua?" LaVonne aliuliza.

"Mtu asiyejua mbele ya kofia ni wapi, atajua mbele ya ng'ombe?"

Marit alicheka, mimi nikacheka, na LaVonne akacheka kidogo. Halafu tukaona kwamba tumecheka na jina limeshafutwa.

Likaja wazo la kwamba twende wanawake watatu, Arlen abaki. Hilo Arlen alilipenda. Alisema atapika mayai. Lakini Marit akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza. Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo, mimi naosha yeye anafuta, nikamwuliza kilichomkaa kooni.

"Bibi, mimi nikienda huko, sirudi mpaka Krismasi."

"Najua."

"Mama atanipigia simu. Wewe utaniandikia habari za kuku. Baba hatapiga wala hataandika. Baba ataniwaza tu akiwa bandani. Nataka akiniwaza awe anajua nimekaa dirisha la upande gani. Asipopaona, itakuwa kama nimekwenda mwezini."

"Kwa hiyo asipokwenda?"

"Nitasoma hapa karibu. Wana masomo mazuri ya ualimu."

"Wewe, ualimu? Ulimtupia mwalimu wako wa shule ya Jumapili kifutio."

"Nilikuwa na miaka sita, Bibi."

"Mtu anajulikana mapema," nikamwambia. Akanipiga bega kwa kile kitambaa chenye maji. Lakini macho yake hayakucheka.

Nikajua basi jambo lilivyokaa. Arlen akienda kaskazini, Marit atasoma madaraja. Asipokwenda, atasoma kitu kingine maisha yake yote, tena bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Jumapili ya tatu Arlen alikuja mezani bila kulala, maana mtamba mmoja alizaa vibaya alfajiri. Alikuwa na unga wa maziwa ya ndama kwenye nyusi. Akaitazama ramani kama mtu anayetazama shamba la mwenzake. LaVonne alikuwa amechora njia ya kaskazini kwa penseli. Arlen akauliza, bila kuinua kichwa:

"Marit, huko juu unataka kwenda?"

"Si lazima, Baba," alisema Marit.

Arlen akachukua kifutio, akaifuta njia. Aliifuta vizuri, akapuliza vumbi la kifutio, akaenda kuvaa buti.

Nilitamani kumrushia kiatu. Wazee wetu walipotoka Norwei walikuja na desturi hii ndani ya masanduku yao, na wote humu tumelelewa nayo. Ukipewa kitu, unakataa. Ukipewa tena, unakataa kwa sauti ya chini. Ukipewa mara ya tatu ndipo unapokea, tena kipande kidogo. Hata kahawa tunainywa hivyo. Mpaka mgeni apate kikombe, birika limekwisha zunguka. Arlen anajua hilo kuliko jina lake. Mgeni akija humwuliza mara tatu kama atakaa. Kwa mtoto wake mwenyewe aliuliza mara moja, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu jibu lilimfaa.

Marit alikunja ramani. Yeye ndiye wa kwanza katika nyumba hii kuikunja sawasawa.

Siku ya Jumanne, baada ya kukamua asubuhi, nilikwenda bandani kama kawaida. Kazi yangu ni ndama, na kumwaga maziwa ya ng'ombe mwenye dawa, kama yupo. Wiki ile alikuwepo Dagny, yule mwenye doa jeupe lililokaa kama aproni. Kiwele chake kilivimba upande mmoja na alikuwa kwenye sindano. Ndoo yake hukaa juu ya dirisha, karibu na redio. Arlen akishamkamua huiacha chini, imejaa, mlangoni.

Mlangoni hapakuwa na ndoo. Niliikuta juu ya dirisha, mdomo chini, kavu. Ndani yake palikuwa na buibui.

Nilimtazama Dagny. Kiwele kilikuwa kimelegea kama mfuko uliokwisha kutumika. Mguuni ukanda mwekundu ulikuwa safi, hapakuwa na la kusingizia. Nikasikia mashine ya kupozea ikiunguruma chumba cha tangi, na nikajua lori la maziwa liko njiani, limeshapita kwa Verlyn au linakaribia kupita.

Arlen alikuwa anaosha mikono. Nilisimama nyuma yake na ile ndoo. Nilitafuta maneno laini, nikaona hakuna.

"Arlen. Ndoo ya Dagny ni kavu."

Aligeuka. Aliitazama ndoo, kisha akamtazama Dagny, kisha akatazama bomba la maziwa linalopita juu ya vichwa vya ng'ombe, akalifuata kwa macho polepole, kona kwa kona, mpaka linapoingia ukutani. Maji aliyokuwa akinawia yaliendelea kutoka. Nikayafunga mimi.

"Nilikuwa nafikiria barabara," alisema.

"Barabara gani?"

"Hiyo niliyoifuta."

Alipangusa mikono. Akaingia ofisini, akapiga simu kiwanda cha maziwa, nikamsikia akisema jina lake lote, na la baba yake, kama mtu anayejisalimisha. Lori lilipofika dereva alikuwa ameshaambiwa, akageuza tu kwenye uwanja na kuondoka. Arlen akafungua valvu ya tangi. Maziwa ya siku mbili yalitoka kwa mkondo mnene mweupe, yakapita mfereji wa sakafu, yakaenda zake nyuma ya banda hadi kwenye theluji chafu. Paka walikuja mbio, kisha wakasimama, hawakujua waanzie wapi. LaVonne alirudi na basi la shule, akashuka, akaona, akaweka mkono mdomoni. Alichukua fagio akaanza kusukuma maji.

Mchana Arlen hakula. Alivaa koti lake zuri, lile lisilonuka banda, akanitazama.

"Mama, zile keki za shayiri zimebaki?"

Zilikuwepo. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, hasa kama umekaa miaka bila kwenda. Nikazipanga kwenye sahani, nikafunika na karatasi, nikavaa skafu yangu. Hakusema nisije. Ni kuvuka barabara tu, lakini tulikwenda kwa gari, kwa sababu magoti yangu, na kwa sababu mtu akienda kwa gari anaweza kugeuza.

Verlyn alikuwa kwenye karakana yake ananoa kisu cha mashine ya majani. Ameota mvi sana, nikaona, na amepungua mabega. Alizima mashine ya kunolea. Aliitazama sahani, akamtazama Arlen.

"Theluji inachelewa kuondoka," alisema Verlyn.

"Inachelewa," alisema Arlen.

"Mwaka jana saa hizi tulikuwa tumeshatia samadi."

"Tulikuwa tumeshatia."

Nikaweka sahani juu ya pipa. Nikakalia ndoo iliyopinduliwa, maana nilijua hatutoki hapo upesi. Wakasema habari za bei ya mbegu. Wakasema habari za mchungaji mpya, kwamba anahubiri kwa kutembeatembea.

"Leo asubuhi nimemwaga tangi," alisema Arlen.

"Niliona lori limegeuka bila kupakia." Verlyn alifuta mikono kwenye suruali. "Nani alikamua?"

"Mimi."

"Ng'ombe yupi?"

"Dagny. Yule wa aproni."

"Ukanda alikuwa nao?"

"Alikuwa nao."

"Ulikuwa umefunikwa na matope?"

"Haukuwa na hata chembe."

Verlyn alitingisha kichwa juu na chini kwa muda mrefu. Nilidhani atasema. Angeweza kusema mengi, na kila moja angekuwa na haki nalo. Alifunua karatasi kwenye sahani, akachagua keki ya pembeni, ile iliyoungua kidogo, akaila yote, akapangusa makombo kwenye ndevu.

"Bi Ardis, hizi umepunguza sukari," akaniambia.

"Daktari ndiye aliyepunguza."

"Mwambie aache."

Arlen alikuwa anatazama ncha za buti zake. "Verlyn," alisema, "binti yangu anataka kwenda kuona chuo kule juu. Ni siku mbili, tatu. Sijui kama wewe, na shughuli zako zilivyo, sijui kama ungeweza..."

"Nitakuja," alisema Verlyn.

Arlen akamkodolea macho. Alikuwa amejiandaa kuuliza mara ya pili na ya tatu, hakujiandaa kupewa. Akabaki amesimama pale na maneno yake mkononi.

"Usinitazame hivyo," alisema Verlyn. "Mgongo unaniuma na nimezeeka. Nimengoja kuulizwa siku nyingi, sasa nikianza kukataa tutazikwa kabla hatujamaliza. Zile kanda nyekundu unanunua wapi?"

"Pale pale."

"Nunua pana zaidi. Macho yangu siyo yale."

Tukarudi. Njiani, yaani katika ule upana wa barabara, Arlen aliendesha polepole kuliko gari la maiti. Nilitaka kumkumbusha jambo la Marit, nikajizuia. Yapo mambo mama akiyasema yanakuwa ya mama.

Jioni walikamua wote watatu, Arlen, LaVonne na Marit, na kila aliyempita Dagny aliinama akagusa ule ukanda. Tulikula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga. LaVonne alikula huku ameshika kichwa. Marit alikuwa amepauka, maana alijua tangi limemwagwa, na alifikiri ni kwa sababu yake. Alisema kwamba ameshajaza karatasi ya chuo cha hapa karibu, kesho ataitia posta.

Arlen alimeza. "Verlyn atakamua," alisema.

LaVonne akainua kichwa. "Verlyn yupi?"

"Tuna wangapi?" Kisha akamgeukia Marit. "Kule juu. Unataka twende?"

"Si lazima, Baba," alisema Marit. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ile ya Jumapili. "Na hasara ya leo. Na mmechoka. Kweli si lazima."

Ilikuwa mara ya pili. Nikaweka uma chini. LaVonne naye akaweka uma chini. Arlen alitingisha kichwa kama anayefikiri, akaegemea kiti, na macho yake yakafumba.

Alilala. Alilala palepale, mkono mmoja ungali umeshika mkate, na mdomo umeachama kidogo. Mtamba wa Jumapili, tangi la Jumanne, vyote vilimwangukia hapo mezani. Marit alimtazama baba yake akikoroma. Taratibu akaanza kukusanya sahani. Alichukua ya kwangu, akachukua ya mama yake. Niliona anauma mdomo kwa ndani, kama alivyofanya akiwa mdogo akichomwa sindano.

LaVonne alinitazama. Mimi nikainuka, magoti na yote, nikakamata birika la kahawa kwenye jiko. Birika letu ni la bati na mfuniko wake haujawahi kukaa vizuri. Nikaliweka mezani mbele ya Arlen kwa kishindo, si kwa adabu.

Alishtuka. Alitazama mkate mkononi, akatutazama sisi.

"Nilikuwa nasema nini?"

Hilo halikuwa letu kumwambia. Marit alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwetu, ameshika sahani na hafungui maji. Arlen alifikicha macho. Alimtazama yule mtoto mgongoni, nikaona kitu kinamrudia usoni polepole, kama mtu anayekumbuka alikoacha funguo.

"Marit."

"Baba."

"Huko kaskazini. Twende tukapaone?"

Marit aliweka sahani ndani ya sinki. "Kama haitawasumbua sana," alisema.

"Itatusumbua," alisema Arlen. "Lete ramani."

Akaileta. LaVonne akasogeza viazi, akabana pembe kwa chumvi na sukari na vidonge vyangu. Mahali njia ilipofutwa karatasi ilikuwa imekuwa nyembamba, na penseli ilitoboa kidogo LaVonne alipoichora upya. Wakaanza tena mwanzo. Tulale wapi. Nani atakaa nyuma, kwenye upande wa gari uliooza sakafu kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Mikate ya nyama mingapi. Bibi atataka kusimama wapi, na mara ngapi.

"Bibi anabaki," nilisema. Tayari nilikuwa nimeshajiona kitandani, nyumba kimya, hakuna buti mlangoni. "Nitamwangalia Verlyn."

"Ndiyo maana huwezi kubaki," alisema Arlen. "Ukibaki atadhani nimekuweka umchunge. Utakwenda nasi, Mama."

"Si lazima," nilisema.

"Bibi aende," alisema Marit, akicheka sasa. "Bibi, utakwenda?"

"Si lazima."

LaVonne akaandika jina langu pembeni mwa ramani bila kungoja ya tatu, akanimiminia kahawa iliyobaki.